Daktari wa Ndoo na Makopo Yasiyo na Jina

Ukimpelekea kopo la dawa, kabla hata ya kukuuliza unaumwa wapi, alilishika kwa vidole viwili, akaligeuza juu chini, akauliza, "Huyu anaitwa nani?" Kama vile umemletea mgeni mlangoni bila kumtambulisha. Ukisema hujui, alikurudishia. Hakulitupa, kwa sababu halikuwa lake. Alikurudishia tu, akanawa mikono, na maongezi yakaisha hapo.

Mtaani kwetu Jericho tulimwita Daktari wa Ndoo. Hakuwa daktari. Alikuwa mkandaji wa timu yetu ya mtaa, yule mzee anayekimbia uwanjani na ndoo ya maji na sponji mchezaji akianguka. Kazi yake ya mshahara ilikuwa reli, kwenye stoo ya vipuri na grisi, na huko ndiko alikotoa lile swali lake. Alisema stoo yao ilikuwa na sheria moja tu: kopo lisilo na lebo halitoki, hata mkubwa akilia.

Mimi nilikaa mlango wa pili kutoka kwake. Nilikuwa mbebaji wa nyama Kiamaiko, mbuzi wawili begani kwa safari moja, kutoka machinjioni hadi kwa pikipiki zenye masanduku zinazopeleka nyama soko la Burma. Niliifanya miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa. Naandika juu yake kwa sababu bega langu la kushoto limekufa, waliochangia kulimaliza wanatembea na kula vizuri, na huyu mzee peke yake ndiye aliyejaribu kuliokoa, nami nikamtukana. Pia naandika kwa sababu ya nilichokikuta chini ya mto wake mwezi uliopita. Nitafika huko.

Mpira hakuupenda. Watu hawakuamini lakini ni kweli. Alikaa kwenye benchi akiupa uwanja mgongo, akiwaangalia wale wa akiba. Ukimuuliza nani anashinda alisema, "Mimi naangalia nani anachechemea." Mchezaji akigongwa goti na goti likaanza kuvimba, alimwagia maji baridi, akamfunga kitambaa kilicholowa, basi. Vijana walimlilia, "Mzee, tupake ile ya moto, nirudi ndani!" Alikataa. Jeraha la leo ni la maji baridi, alisema, moto unangoja. Na kama ngozi imechubuka, hata hiyo kesho hakuna moto. Kulikuwa na winga mmoja mwenye mdomo aliyempigia kelele mbele ya watu wote, "Buda, wewe ni daktari ama ni mama mboga?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Mama mboga ana akili kukushinda. Akiona nyanya imepasuka haipaki chumvi."

Alikuwa bahili wa dawa kupita kiasi. Chai alikupa hadi ukatae, mkate alikukatia nusu nzima, lakini dawa ya kuchua ilitoka kiasi cha punje ya maharagwe kwa goti zima. Tena kwanza alikupaka tone ndani ya mkono, hapo karibu na kiwiko, akakuambia ukae. Ukakaa. Akasoma gazeti kuukuu. Ukiuliza tunangoja nini alisema, "Tunangoja ngozi yako iseme." Mara nyingi ngozi haikusema kitu, ndipo akapaka. Kwa mtu mmoja, golikipa, ngozi ilisema: ikatoka vipele vyekundu palepale. Akamuosha kwa sabuni, akamwambia katika maisha yake asikubali kupakwa dawa hiyo na mtu yeyote.

Halafu kunawa. Huko kunawa ndiko kulikomfanya aonekane ana maringo. Akishakanda mtu hakukupa mkono. Alikupa kiwiko, hata kama ni padri. Vijana wote aliwanawisha mikono kabla ya kwenda nyumbani, akisema nyumbani kuna watoto, na mtoto atashika mkono wa baba kisha atashika jicho lake. Kuna mgombea mmoja wa kiti cha wadi alikuja uwanjani kuleta jezi. Akanyoosha mkono. Mzee akatoa kiwiko. "Mheshimiwa, mkono huu una moto, utashika jicho unilaumu." Mheshimiwa akacheka, akaona kamera ya simu inamtazama, akaukamata ule mkono kwa nguvu na kuutikisa sana. Dakika tano baadaye, katikati ya hotuba, akajipangusa jasho usoni. Machozi yakaanza kumwagika. Akaendelea kuhutubia huku analia, watu wakadhani ameguswa na shida za mitaa yetu ya Eastlands, wakapiga makofi mpaka akachaguliwa. Mzee alikuwa ameketi na ndoo yake, ameupa jukwaa mgongo. Alisema, "Nilimwambia."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema nilimwambia. Mimi hakuniambia hivyo hata siku moja, na alikuwa na haki.

Bega lilianza kuuma msimu mmoja wa baridi. Lilianza kama uchovu, likaja kama msumari. Nikaenda kwake jioni. Akanikanda wiki nzima kwa dawa ya tyubu iliyokuwa na jina lake limeandikwa wazi, na kila siku alisoma yale maandishi madogo kwa kioo cha kukuzia, kama hajawahi kuyasoma. Nilipata nafuu. Siku ya nane nikagonga tena. Hakufungua mlango wote.

"Siku saba zimeisha, jirani. Nenda hospitali."

"Mzee, si inasaidia? Paka tu nilale."

"Inasaidia usisikie. Dawa hii haikutibu. Inaongea kwa sauti kubwa kuliko maumivu, basi. Huko chini kuna kitu kimekatika na mimi sikioni."

"Nikienda hospitali nitapanga laini siku nzima, nipoteze kazi."

"Ndiyo. Utapoteza siku."

Nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka hadi leo masikio yananiwaka. Nikamwambia yeye si daktari, ni mzee wa ndoo, anajifanya msomi kwa sababu ya kioo cha kukuzia. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akanivuta shati. Mzee akasema, "Ni kweli, ni mzee wa ndoo," akafunga mlango polepole. Hatukusalimiana karibu miezi minne.

Sasa niwataje. Wa kwanza ni Spika. Jina lake la nyumbani silijui, sisi tulimjua kwa kile kipaza sauti alichokifunga kwenye mkokoteni. Alikuwa akisimama karibu na mnada wa mbuzi. "Mgongo! Kiuno! Magoti! Ganzi! Meno! Presha!" Yote kopo moja. Kopo lenyewe lilikuwa la rangi ya viatu, limekwanguliwa maandishi, ndani mna kitu cha kijani kinachotoa machozi hata kabla hujakigusa. Nilimuuliza kama ina shida yoyote. Nakumbuka nilimuuliza. Akanijibu, "Kaka, ikichoma ujue inafanya kazi." Hayo maneno wabebaji wote tuliyabeba kama sala. Ikichoma inafanya kazi. Isipochoma, ongeza.

Wa pili ni msimamizi wetu, tuliyemwita Mizani kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye mizani. Na hapa lazima nieleze kitu cha kazi yetu. Mbebaji wa nyama huvaa nailoni. Kipande kikubwa cha nailoni, kinakunjwa juu ya mabega na mgongo, kinafungwa kifuani kwa kamba, halafu koti jeupe juu yake. Ni ya kuzuia damu isikufikie nguo. Unaivaa alfajiri, unaivua kazi ikiisha. Ndani ni kama sufuria iliyofunikwa. Mzee alikuwa akiwaambia wachezaji usifunge dawa ya kuchua kwa nailoni, usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, usiipake ukitoka kuoga maji ya moto. Nilimsikia mara mia. Lakini nilidhani anaongea juu ya mpira. Haikunijia kamwe kwamba mimi ndiye niliyefungwa nailoni kila siku ya Mungu.

Miezi yote hiyo nilipaka kidogo ya Spika, nikaficha maumivu, nikabeba. Ikafika siku moja kabla ya sikukuu, mbuzi ni wengi ajabu. Bega lilikuwa limegoma tangu usiku. Asubuhi nikapaka ya Spika nene kama siagi. Juu yake nikapaka na tyubu kama ile ya mzee, niliyoinunua dukani, nikidhani mbili zitasaidiana. Nailoni. Koti. Jua likatoka. Saa nne nilisikia moto mzuri, ule tuliouamini. Saa sita haukuwa mzuri tena. Nikaenda kwa Mizani.

"Bosi, nipe dakika kumi nivue nioshe hii kitu, inanichoma."

Akaangalia pikipiki zilizojipanga. "Vua. Halafu vua na koti uniachie. Kuna watu kumi hapo nje wanalitaka."

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Si ndio inafanya kazi, mse!" Nikacheka pia. Wa tatu kwenye orodha yangu ndiye huyo aliyecheka pia.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mke wangu akafungua kamba, akavuta nailoni, na ngozi ikaja nayo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ninachojua nilipiga kelele, na mlango wa pili ukafunguka, na yule mzee ambaye tulikuwa hatusalimiani akaingia kwangu bila hodi akiwa na ndoo.

Hakuuliza. Alinusa tu. Alinikalisha kwenye stuli nje karibu na mfereji wa maji, akaanza kunimwagia maji ya kawaida, polepole, kutoka shingoni kushuka, bila kusugua. Mke wangu alitaka kuleta siagi, jirani mwingine akaleta dawa ya meno. Aliwafukuza wote wawili. "Maji tu." Ikaisha ndoo. "Badilisha maji." Ikaisha nyingine. "Badilisha maji." Sijui zilikuwa ndoo ngapi. Mke wangu alikuwa akikimbia mferejini na kurudi, na yule mzee, magoti yake tayari yamechoka, amesimama wima juu yangu kama mtu anayemwagilia mche. Halafu akanifunika kitambaa safi akanipeleka hospitali, akakaa nami kwenye laini ile ile niliyoikimbia.

Daktari wa kweli alisema mambo mawili. La kwanza, kuungua: ngozi itarudi lakini itakuwa ngumu, itavuta. La pili ndilo lililonimaliza. Ndani ya bega kano ilikuwa imechanika zamani. Kama ningekuja mwanzoni ingetibika. Nilikuwa nimeibebesha mbuzi kwa miezi minne bila kuisikia, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kikiongea kwa sauti kubwa zaidi.

Nilimwangalia mzee. Nilitaka aseme. Nilitaka anigombeze, walau nipate mahali pa kuweka hasira. Alikuwa akisoma lebo ya dawa niliyopewa, kioo machoni.

Koti jeupe Mizani alimpa mtu mwingine kesho yake. Leo nageuza nyama kwenye kibanda kimoja cha nyama choma pale Burma. Nyama ile ile, ila sasa siibebi. Mkono wa kushoto haupiti sikio. Nasimama upande, kwa sababu joto la jiko likigusa kovu linawasha mpaka nauma meno. Spika bado yuko sokoni. Siku hizi ana kipaza sauti kipya.

Sasa chini ya mto.

Mzee ameachana na ndoo siku nyingi. Mwaka huu moyo ulimsumbua, kliniki ikampa vidonge vya kuzuia damu isigande. Vidonge amevipanga kwenye kisanduku, kila kifuko amekiandika jina kwa herufi kubwa za reli. Anaishi na binti yake anayefanya kazi ofisini mjini. Binti aliniomba, kwa kuwa Jumatano siendi Burma, niwe nakaa naye mchana. Akaniambia mbele yake, "Shemeji, wamesema asiongeze dawa yoyote bila kuuliza, hata ya kupaka." Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Jumatano ya tatu niliisikia harufu nikiwa bado mlangoni. Kovu langu liliitambua kabla ya pua. Mzee alikuwa kitandani, mchana wa jua, amejifunika blanketi hadi kifuani. Mikononi alikuwa na mabaka meusi, kama mtu aliyebanwa na mlango.

"Mzee, unapaka nini?"

"Mafuta ya mgando."

"Mafuta ya mgando hayanuki hivi."

"Basi pua yako imeharibiwa na moshi wa Burma. Kaa, kuna chai."

Nikainua blanketi. Magoti yote mawili alikuwa ameyafunga kwa nailoni za mkate, amezikaza kwa kamba za viatu. Nikatia mkono chini ya mto, sijui kwa nini hapo, labda kwa sababu ndipo mimi nilipoficha langu. Likatoka kopo la rangi ya viatu, limekwanguliwa.

Nililishika kwa vidole viwili. Nikaligeuza juu chini.

"Huyu anaitwa nani?"

Akatazama ukuta. "Jirani, usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza. Anaitwa nani?"

"Unajua."

Nilitaka kupiga kelele. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye hakunidanganya kuhusu maumivu. Nikamwambia hivyo, kwa sauti mbaya. Alingoja nimalize. Aliponijibu niliona damu nyembamba kwenye ufizi wake.

"Nilikuwa nawapa watu masharti kwa sababu magoti yalikuwa ya kwao," akasema. "Haya ni yangu. Kutoka hapa hadi chooni napumzika mara mbili. Unanielewa? Mara mbili. Nikatembea mwenyewe hadi kwake sokoni. Asubuhi yote. Akaniuliza, mzee, unakunywa dawa yoyote? Nikasema hapana."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Hilo liliniuma kuliko kopo. Spika, mtu niliyemlaani miaka hii yote, siku hiyo alikuwa ameuliza swali sahihi, na aliyedanganya alikuwa huyu.

"Usimwambie binti yangu," akasema.

"Nitamwambia."

"Najua utamwambia. Nilitaka tu kuomba."

Nikampigia binti. Hakulia, aliuliza tu ufizi unatoka damu tangu lini, akasema nimlete kliniki na kopo, atatukuta huko. Nikaita teksi. Ndoo yake ya zamani ilikuwa jikoni, imejaa viazi. Nikavimwaga sakafuni. Nikajaza maji, nikafungua zile kamba, nikatoa nailoni taratibu. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini ilikuwa ingali yake. Namshukuru Mungu kwa hilo dogo. Nikaosha kwa sabuni bila kusugua, nikamwagia maji kwa mkono wangu ule mmoja unaofanya kazi. Maji yakawa kijani.

"Badilisha maji," akasema.

Nikabadilisha.

Walimlaza siku nne. Walisema damu yake ilikuwa nyepesi mno, ingeweza kuvujia hata kichwani, na ile dawa ya kijani ilikuwa ikipita kwenye ngozi na kuongezea vidonge nguvu, zaidi kwa sababu ilifungwa. Amerudi nyumbani. Magoti yanauma vilevile. Sasa anakwenda kunyooshwa na mtaalamu wa viungo pale hospitali, na analalamika kwamba kijana yule ana mikono baridi. Mimi simwamini tena kama zamani, yeye analijua hilo, na Jumatano nikifika nanusa kwanza ndipo nasalimu.

Lakini ile saa tulipofika kliniki, binti yake bado hajaingia, nesi alitukuta kwenye benchi. Nikatoa kopo mfukoni. Akauliza, "Hii ni dawa gani?" Nikafungua mdomo nimtetee, nitaje Spika, nitaje soko, nitaje wote. Mzee alinishika goti ninyamaze. Akaketi wima kama aliyeitwa stoo.

"Haina jina," akasema. "Nilijua haina jina nilipoinunua."

Nesi akanyoosha mkono alichukue. Mzee akamzuia kwa kiwiko.

"Vaa glavu kwanza, mama," akamwambia. "Na usishike macho."